Kazi ya Mtaalamu na Kazi ya Kikundi: Ushauri kwa Wanaokusudia Kujenga Makazi ya Ujirani

Makazi ya ujirani ni mpango ambamo kaya kadhaa, mara nyingi kati ya 15 na 40, huungana kwa hiari, hutafuta ardhi, hubuni nyumba zao kwa pamoja na kuziendesha zenyewe baada ya kuhamia. Kila kaya hubaki na nyumba yake kamili yenye jiko, vyumba na mlango wake, lakini kaya zote humiliki nyumba ya pamoja, ambayo kwa kawaida huwa na jiko kubwa, ukumbi wa kulia chakula, chumba cha watoto, mahali pa kufulia na vyumba vya wageni. Magari huegeshwa pembezoni ili njia za ndani zibaki kwa waenda kwa miguu, na madirisha ya majiko huelekezwa kwenye njia hizo ili anayepika amwone jirani anayepita na mtoto anayecheza. Mpango huu hutofautiana na mtaa wa nyumba zinazojengwa na mwendelezaji, yaani mfanyabiashara anayenunua ardhi, akajenga na kuuza kwa yeyote mwenye fedha. Hutofautiana vilevile na boma la ukoo, kwa kuwa wakazi wake huunganishwa na mkataba na maelewano, wala si nasaba.

Mpango huu ulianzia Denmark. Mwaka 1964 mbunifu majengo Jan Gudmand-Høyer na marafiki zake walianza kuchora makazi ya namna hiyo na wakapata ardhi Hareskov, nje ya Copenhagen, lakini majirani wa eneo hilo wakapinga na mradi ukazuiwa. Baada ya miaka kadhaa ya kujipanga upya, makazi ya Sættedammen yenye kaya 27 yalikamilika mwaka 1972, na yale ya Skråplanet, ambayo Gudmand-Høyer alishiriki kuyaanzisha, yakafuata mwaka 1973. Wabunifu majengo Kathryn McCamant na Charles Durrett waliutangaza mpango huo Marekani kwa kitabu walichokichapisha mwaka 1988, na mwaka 1991 makazi ya Muir Commons yenye nyumba 26 yakakamilika katika mji wa Davis, California, yakiwa ya kwanza nchini humo kujengwa upya tangu msingi kwa mtindo huu.

Tangu miradi hiyo ya mwanzo, kila kikundi kinachoanza safari hii hukutana na swali moja kabla hata ya kupata kiwanja: ni kazi zipi zifanywe na wanakikundi wenyewe, na ni zipi zilipiwe wataalamu? Wapo wanaoamini kwamba kila shilingi anayolipwa mtaalamu ni shilingi iliyopotea, na wapo wanaokabidhi kila kitu kwa kampuni wakitumaini kupewa funguo siku ya mwisho. Wa kwanza huishia na jengo lenye nyufa au kesi ya ardhi mahakamani, na wa pili huishia na mtaa wa kawaida ambao wakazi wake hawajui namna ya kusuluhisha hata ugomvi wa maegesho. Makala haya yanashikilia kwamba ustadi na dhamana ya kisheria ni vitu vinavyoweza kununuliwa, na mara nyingi ni lazima vinunuliwe, lakini uamuzi na mazoea ya kuamua pamoja havina duka, na kikundi kinachojaribu kuvinunua hupoteza kile hasa kilichokifanya kianze.

Maswali mawili ya kupimia kila kazi

Njia iliyo wazi zaidi ya kugawa kazi ni kuipima kila moja kwa maswali mawili. Swali la kwanza linahusu madhara: kosa likifanyika, nani ataumia, kosa hilo litaonekana lini, na litagharimu kiasi gani kulirekebisha? Swali la pili linahusu ujirani: je, kuifanya kazi hiyo pamoja kutawafundisha wanakikundi kujuana, kuaminiana na kukubaliana? Kazi ambayo kosa lake ni zito na limefichika, na ambayo haijengi ujirani wowote, ni ya mtaalamu bila mjadala. Hesabu za nondo za boriti ni mfano wake. Kazi ambayo kosa lake hurekebishika kwa urahisi, na ambayo hujenga ujirani sana, ni ya kikundi, kama vile kupanda miti, kupaka rangi ukumbi au kupanga zamu za mapishi. Kazi ngumu kuamua ni zile ambazo kosa lake ni zito na wakati huohuo zinajenga ujirani, kama ubunifu wa nyumba ya pamoja au uandishi wa katiba ya kikundi. Hizo hufanywa na pande mbili kwa mpangilio maalumu: kikundi kikiamua kinachotakiwa, na mtaalamu akikipa umbo linalosimama kisheria na kihandisi.

Ujuzi wa wanakikundi haukuwekwa kuwa kipimo cha kwanza, na kuna sababu. Vikundi vingi huanza kwa kuorodhesha vipaji vyao, kisha huwagawia watu kazi kwa kufuata orodha hiyo, mwalimu akapewa uandishi wa katiba na mhasibu akapewa mikataba. Vipaji hivyo ni baraka, lakini kuwa na mtu anayeweza kufanya kazi fulani hakumaanishi kwamba kikundi kinaweza kubeba matokeo ya kosa lake, wala kwamba urafiki utahimili lawama itakayofuata.

Kazi ambazo kikundi hakipaswi kumkabidhi mtu

Kazi ya kwanza isiyokabidhiwa ni kuamua kwa nini watu hao wanataka kuishi karibu. Kikundi kinachotaka kulea watoto pamoja huhitaji mahali tofauti na kinachotaka kuzeeka pamoja, na kinachotaka mlo wa pamoja mara tatu kwa wiki huhitaji jiko tofauti na kinachokula pamoja sikukuu tu. Mbunifu hawezi kulijua hilo kwa niaba yao, na akilazimishwa kulikisia atachora ukumbi mzuri utakaobaki mtupu. Kikundi kinapaswa kumpelekea mbunifu maelezo yaliyoandikwa, yanayotaja shughuli kabla ya kutaja vyumba, kwa mfano kwamba watu 40 watakula kwa wakati mmoja bila kelele kuwachosha wazee, au kwamba mpishi wa zamu awaone watoto akiwa jikoni.

Kazi ya pili ni kuwapata na kuwapokea wanachama. Wakala anaweza kusaidia kutangaza, lakini mazungumzo ya kumfahamu anayeomba kujiunga, na ya kumwezesha yeye kukifahamu kikundi, hayana mbadala. Mwanachama aliyeletwa na dalali huja akiwa mnunuzi, na siku ya kwanza ya mvutano atadai haki za mnunuzi. Kazi ya tatu ni kutunga kanuni za kuishi, zikiwemo za wageni, wanyama wa kufugwa, kelele, michango, upangishaji na utaratibu wa mtu kuuza sehemu yake. Wakili atazipa kanuni hizo lugha ya sheria, lakini kikundi kinachonakili katiba ya kikundi kingine bila kuijadili hakina katiba, kwa sababu mabishano yaliyopaswa kumalizika mezani yatazuka uani baada ya watu kuhamia.

Kazi ya nne ni uendeshaji wa fedha za kikundi katika hatua za mwanzo. Wanakikundi wanaochangia kila mwezi, wanaotoa risiti na kusomeana hesabu katika mkutano, hujifunza nidhamu ambayo benki na mkandarasi wataitafuta baadaye. Hata hivyo hesabu hizo zinapaswa kukaguliwa kila mwaka na mkaguzi kutoka nje, na si kwa sababu mweka hazina anashukiwa. Ukaguzi humlinda mweka hazina mwenyewe dhidi ya minong'ono, ambayo imevunja vyama vingi kuliko wizi wenyewe.

Kazi zisizofaa kujaribiwa

Ardhi ndiyo kazi ya kwanza inayohitaji mtaalamu, na ndiyo ambayo vikundi vingi huifanya vyenyewe kwa kuamini kwamba fedha za wataalamu zitatumika wakati wa ujenzi. Utaratibu unapaswa kuwa kinyume chake, kwa sababu makosa makubwa kuliko yote hufanyika siku ya kununua. Wakili na mpima ardhi wanapaswa kuajiriwa kabla ya malipo yoyote, ili wakili athibitishe katika masijala ya ardhi kwamba muuzaji ndiye mmiliki na kwamba hakuna rehani wala zuio, na mpima ardhi athibitishe kwamba mipaka iliyo kwenye ramani ndiyo iliyo ardhini. Nchini Tanzania, ardhi nyingi iliyo pembezoni mwa miji bado iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na makubaliano yaliyofanywa na mtu mmoja bila halmashauri ya kijiji yanaweza kutokuwa na nguvu. Nchini Kenya, mauzo ya ardhi ya kilimo katika maeneo yanayosimamiwa na bodi za kudhibiti ardhi huwa batili yasipopata kibali cha bodi husika. Mtu asiye mwanasheria hawezi kutarajiwa kuyajua hayo kwa kuuliza majirani.

Kazi ya pili ni muundo wa umiliki. Kikundi kinaweza kuwa chama cha ushirika, kampuni, au kundi la wamiliki wa sehemu za jengo wenye eneo la pamoja, na kila muundo una athari zake katika kodi, mikopo, mirathi na haki ya mtu kuondoka. Tanzania ina Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020. Kikundi kinapaswa kumwomba wakili aeleze miundo isiyopungua miwili pamoja na hasara za kila mmoja, kisha kikundi chenyewe kichague. Wakili anayeleta jibu moja tu amechukua uamuzi usio wake.

Kazi ya tatu ni miundo ya jengo, yaani msingi, nguzo, boriti, sakafu za ghorofa na paa, pamoja na mifumo ya umeme na majitaka. Hapa sheria nayo ina kauli yake. Nchini Tanzania, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi husajiliwa na bodi yao, wahandisi na yao, na makandarasi na yao. Kenya nayo ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo husajili makandarasi na miradi. Mkadiriaji majenzi, ambaye vikundi vingi humsahau, ndiye anayepima michoro na kuandaa jedwali linaloonyesha kila kifaa, kiasi chake na bei yake. Bila jedwali hilo, kikundi hakiwezi kulinganisha zabuni za makandarasi wala kujua kama malipo yanayodaiwa yanalingana na kazi iliyofanyika.

Hatari ya kosa lililofichika huonekana vizuri zaidi katika zege. Kabla ya kumwaga zege la sakafu ya ghorofa, nondo hupangwa kwa nafasi zilizoandikwa kwenye mchoro, hufungwa kwa waya na kuinuliwa kwa vipande vidogo ambavyo mafundi huviita biskuti, ili chuma kisiguse mbao za chini na kuachwa bila zege la kukikinga dhidi ya kutu. Ndani ya saa chache kazi yote hiyo hufunikwa, na hakuna mkazi atakayeiona tena mpaka siku ufa utakapotokeza. Kwa hiyo mhandisi hukagua nondo kabla ya kumwaga, huamuru sampuli za zege zijazwe katika visanduku vyenye milimita 150 kila upande, na sampuli hizo huvunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28 ili kupima nguvu zake. Kibarua anayeongeza ndoo ya maji ili zege litiririke kwa urahisi hupunguza nguvu hizo, lakini mtazamaji asiye na ujuzi huona zege laini lililojaa vizuri na kuridhika. Kikundi kinachobana matumizi kwa kumwachisha mhandisi baada ya michoro kukamilika kimenunua karatasi na kuacha ulinzi. Ziara zake za ukaguzi zinapaswa kutajwa katika mkataba kwa idadi na kwa hatua.

Mipaka ya nguvu kazi ya wanachama

Afrika Mashariki ina mazoea marefu ya ujima, msaragambo na harambee, na ni jambo la kawaida vikundi kutumaini kwamba mikono ya wanachama itapunguza sana gharama. Tumaini hilo linahitaji kupimwa kwa uzoefu wa mahali ambapo kazi ya wanachama imepangwa kwa uzito zaidi, nako ni Uruguay. Sheria ya nyumba ya nchi hiyo ya mwaka 1968 ilitambua vyama vya ushirika wa kujenga kwa kusaidiana, na shirikisho la vyama hivyo, FUCVAM, likaundwa mwaka 1970. Kwa desturi kila kaya hutoa saa 21 za kazi kila wiki kwa muda wote wa ujenzi, na mchango huo huhesabiwa kuwa takribani asilimia 15 ya thamani ya nyumba. Sehemu inayobaki ni mkopo, vifaa, mafundi wa kuajiriwa wa kazi maalumu, na ada ya taasisi za msaada wa kitaalamu, ambazo ni timu za wabunifu majengo, wahandisi, wanasheria, wahasibu na wataalamu wa ustawi wa jamii wanaoajiriwa na chama chenyewe. Vyama vyenye nidhamu hiyo kubwa ya kazi havikuona kwamba nguvu ya mikono huondoa haja ya mtaalamu, na mtaalamu anayewahudumia hulipwa nao na kuwajibika kwao.

Dar es Salaam nayo ina mfano wake katika eneo la Chamazi, ambako wakazi waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijiunga kupitia vikundi vya kuweka akiba, wakanunua ardhi kwa pamoja na kuanza kujenga kwa msaada wa kitaalamu wa shirika la CCI. Wanachama walifyatua wenyewe matofali ya kufungamana papo hapo kiwanjani. Kazi hiyo ilifaa kufanywa na wanachama kwa sababu inafundishika kwa muda mfupi, hurudiwa mara nyingi, na tofali bovu huonekana na kutupwa kabla halijaingia ukutani. Sifa hizo tatu zinafaa kuwa kipimo cha kila kazi ya mikono ambayo kikundi kinafikiria kuichukua.

Katika mji wa Leeds nchini Uingereza, makazi ya LILAC yenye nyumba 20 yaliyokamilika mwaka 2013 yalijengwa kwa paneli za mbao zilizojazwa mabua makavu, na wakazi watarajiwa walishiriki kuyajaza mabua hayo chini ya uangalizi wa kampuni iliyozitengeneza. Kazi iliwekewa mipaka: wakazi walijaza, na wataalamu wakachora, wakasimamisha na kubeba dhamana. Hesabu ya kikundi chochote inapaswa pia kuwajumuisha wasioweza kubeba zege, yaani wazee, wajawazito, wagonjwa na wenye ajira za zamu, ili mchango wao uwe katika upishi, utunzaji wa watoto wa wengine, uandishi wa kumbukumbu au ununuzi wa vifaa, na uhesabiwe kwa kipimo kilichokubaliwa mapema. Saa zisizoandikwa huzaa manung'uniko, na manung'uniko hayo hukaa miaka mingi baada ya nyumba kukamilika.

Ipo pia njia isiyohitaji ujenzi mkubwa. Katika mji uleule wa Davis, makazi ya N Street yalianza mwaka 1986 pale nyumba mbili zilizopakana zilipoondoa uzio uliozitenganisha, na nyumba nyingine zikajiunga moja baada ya nyingine. Kikundi chenye fedha kidogo kinaweza kununua au kupanga nyumba zilizo jirani na kufungua uani, na kwa njia hiyo sehemu kubwa ya kazi hubaki mikononi mwa wakazi, kwa kuwa miundo mikuu tayari imesimama.

Gharama ya muda

Vikundi vinapolinganisha ada ya mtaalamu na kazi ya kujitolea, mara nyingi huhesabu kazi ya kujitolea kuwa bure. Hesabu hiyo husahau muda. Kwa mfano wa kukisia, kikundi cha kaya 20 kilichokopa shilingi milioni 800 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka hulipa riba ya shilingi milioni 10 kwa kila mwezi, sawa na shilingi 500,000 kwa kila kaya, na kaya hizohizo huendelea kulipa kodi ya pango mahali zinapoishi. Kamati ya wanachama wenye nia njema inayochelewesha kibali kwa miezi sita kwa kukosea fomu na michoro imekigharimu kikundi shilingi milioni 60, mbali na kodi na kupanda kwa bei ya saruji na nondo. Msimamizi wa mradi, yaani mtu anayeajiriwa kufuatilia ratiba, vibali, mikataba na malipo kwa niaba ya kikundi, hujilipa mwenyewe akizuia sehemu tu ya ucheleweshaji huo.

Muda hugharimu watu pia. Kikundi cha wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 50 kilichojenga makazi ya New Ground huko Barnet, London, kilianza mwaka 1998 na nyumba zao 25 zikakaliwa mwaka 2016, baada ya miaka 18 ya kutafuta ardhi, washirika na vibali. Mradi ulisonga mbele pale shirika la nyumba liitwalo Hanover liliponunua kiwanja na kubeba hatari ya uendelezaji, huku wabunifu majengo wakichora pamoja na wanawake wenyewe. Kikundi kisicho na mtaji mkubwa kinaweza kufuata njia hiyo ya kushirikiana na shirika au mwendelezaji, mradi mkataba utaje mambo ambayo mshirika hawezi kuyabadilisha bila ridhaa ya kikundi, likiwemo suala la nani atakayekaa katika nyumba hizo.

Mtaalamu mmoja hustahili kutajwa kwa namna ya pekee, naye ni mwezeshaji, yaani mtu anayeongoza mikutano bila kuwa na kura wala maslahi ndani yake. Vikundi huona aibu kumlipa mtu wa kuwasaidia kuzungumza, lakini mkutano wa kuamua ukubwa wa nyumba au bei ya kiwanja unaoongozwa na mmoja wa wanunuzi humnyima mwenyekiti sauti yake, au huwanyima wengine sauti zao. Mwezeshaji anafaa kuajiriwa kwa mikutano michache mizito na kwa mafunzo ya mwanzo, kisha wanachama washike zamu za kuongoza wenyewe, kwa sababu uwezo huo watauhitaji muda mrefu baada ya yeye kuondoka.

Namna ya kuajiri

Kikundi kinapaswa kuwapo kisheria kabla ya kusaini mkataba wowote, vinginevyo aliyesaini ndiye atakayedaiwa kwa mali yake binafsi. Mtaalamu aajiriwe kwa awamu, kwa mfano awamu ya upembuzi wa kiwanja, ya michoro ya awali, ya michoro ya kibali na ya usimamizi wa ujenzi, na kila awamu iwe na matokeo, ada na haki ya kikundi kusimama hapo bila adhabu. Mkataba utaje nani anamiliki michoro iwapo pande mbili zitaachana, kwa kuwa kikundi kisicho na haki ya kuitumia michoro kililipia mradi wa mtu mwingine. Usajili wa mtaalamu uthibitishwe katika bodi yake, na wanachama watembelee kazi zake mbili au tatu za zamani na kuzungumza na wakazi bila yeye kuwapo. Maswali yanayofaa kuulizwa ni kama gharama ya mwisho ilikaribiana na makadirio, na kama alirudi kurekebisha kasoro.

Malipo ya mkandarasi yafuate kazi iliyopimwa na mkadiriaji, na sehemu ya kila malipo izuiwe mpaka kipindi cha uangalizi wa kasoro kipite, kwa kuwa fedha hizo zilizozuiwa ndizo zitakazomrudisha fundi kuziba bomba linalovuja.

Jambo linalovigharimu vikundi kuliko ada yenyewe ni kumpa mtaalamu sauti nyingi. Waswahili husema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na mbunifu anayepokea simu za kaya 20, kila moja ikihamisha dirisha, atachora mara 20 na kutoza mara 20. Kikundi kimteue mtu mmoja, pamoja na msaidizi wake, awe ndiye pekee anayetoa maagizo kwa mtaalamu, na kila agizo lirejee uamuzi ulioandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Warsha za ubunifu zipangwe kwa mfuatano, kwanza kiwanja kizima, kisha nyumba ya pamoja, na mwisho nyumba za kaya. Warsha iliyofungwa isifunguliwe tena ila kwa kura ya idadi kubwa iliyokubaliwa mapema. Uchaguzi wa ndani ya nyumba upunguzwe kuwa aina tatu au nne za ramani, kwa maana nyumba 20 za aina 20 huongeza michoro, huongeza makosa kiwanjani na kumpa mkandarasi sababu ya kudai nyongeza.

Mtaalamu aliye mwanachama

Karibu kila kikundi kina mwanachama aliye mhandisi, wakili au mhasibu, na Gudmand-Høyer mwenyewe alikuwa mbunifu majengo ndani ya kikundi chake. Mwanachama wa namna hii ni hazina kubwa, na pia ni chanzo cha mivutano asipowekewa utaratibu. Nafasi inayomfaa zaidi ni ya mshauri upande wa kikundi: asome michoro na mikataba ya wataalamu wa nje, aeleze maneno magumu kwa lugha ya kila siku, na aulize maswali ambayo wengine hawajui kuyauliza. Akitaka kufanya kazi yenyewe, basi aajiriwe kwa mkataba kamili, alipwe ada ya kawaida, awe na bima ya kazi yake, na ajitoe katika kila kura inayohusu ada au ubora wa kazi hiyo. Kazi ya bure ya mwanachama haina ratiba, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumhimiza, na haina dhamana, kwa kuwa hakuna anayethubutu kumshtaki. Kikundi kinachomwomba jirani achore nondo kwa hisani kimemweka mahali ambapo kosa moja litampotezea leseni pamoja na majirani.

Hati ya mgawanyo wa kazi

Ushauri huu wote unaweza kukusanywa katika hati moja ya kurasa chache, ambayo kikundi kinapaswa kuiandika na kuipigia kura kabla ya kununua ardhi. Hati hiyo iorodheshe kila kazi kuanzia upekuzi wa hati miliki hadi upandaji wa bustani, na mbele ya kila kazi iandikwe nani anaamua, nani anatenda, nani anabeba dhamana na fedha zitatoka wapi. Mahali ambapo anayeamua si kikundi, kikundi kijiulize kama kimeuza kitu kisichouzwa, na mahali ambapo anayebeba dhamana ni mwanachama asiye na usajili wala bima, kijiulize kama kimemtwika mtu mmoja mzigo wa wote. Bajeti ya wataalamu wa mwanzo, yaani wakili, mpima ardhi, mwezeshaji na mbunifu wa upembuzi, itengwe kutoka katika michango ya kwanza, na kikundi kisichoweza kuikusanya kijue kwamba hakijafikia uwezo wa kununua kiwanja.

Hati hiyo ipitiwe upya kila awamu inapokwisha, kwa sababu kikundi hukua. Wanachama walioshindwa kuongoza mkutano mwaka wa kwanza huweza kuongoza mwaka wa tatu, na kazi iliyolipiwa wakati wa kujenga, kama uwekaji wa hesabu au usimamizi wa matengenezo madogo, inaweza kurudi mikononi mwao baada ya kuhamia. Kila mtaalamu anayeajiriwa anapaswa kuwaacha wanachama wakiwa na uelewa mpana kuliko aliowakuta nao, na sharti hilo linafaa kuandikwa katika mkataba wake: aeleze anachofanya katika mkutano wa wote, akabidhi michoro ya jengo kama lilivyojengwa, na awafundishe wanaobaki mahali vilipo vali za maji, swichi kuu za umeme na mashimo ya ukaguzi wa majitaka. Wakazi wanaolijua jengo lao kwa kiwango hicho, na waliozoea kuamua pamoja tangu siku ya mchango wa kwanza, wataweza kuliendesha wenyewe na kujua, likitokea tatizo, ni lini wamwite fundi na ni lini wakae kikao.